Antivairasi Ikilia, Je, Tuiamini?

Mwaka huu nimeonelea niache kidogo mambo ya ngeli na vitendawili, nizungumzie jambo linalotukera sote katika maabara ya tarakilishi. Unachomeka flashi, mara kidirisha kinachomoza pembeni kikisema virusi vimepatikana, na kabla hujakisoma vizuri faili yako imeshatoweka. Aliyekaa nyuma anapiga kelele, "Shauri yako, umetuletea virusi!" Mwingine anasema, "Wachana nayo, hiyo antivairasi ni mwongo tu." Nani asema kweli?

Kwa wenzetu wa Kidato cha Nne wanaosoma somo la Kompyuta, swali hili si la mzaha hata kidogo. Mradi wa KCSE, yaani karatasi ya tatu, hukaa ndani ya faili kwa miezi mingi. Wengi huutengeneza kwa Access, na wale wajanja zaidi huandika programu yao wenyewe kwa Visual Basic. Hapo ndipo taabu huanza. Programu iliyoandikwa na mwanafunzi hapa Mwala haijulikani na mtu mwingine yeyote duniani. Haina sahihi ya kampuni, antivairasi haijapata kuiona, na tazama, inafungua faili na kuandika kwenye diski bila kujitambulisha. Lazima itashukiwa.

Ili tuelewe kwa nini, sharti tujue antivairasi hufanyaje kazi. Inazo njia mbili kuu. Ya kwanza ni kama ya polisi mwenye picha za wahalifu: kirusi kilichowahi kunaswa kina alama yake, na antivairasi hulinganisha alama hizo na faili zako. Njia hii hukosea mara chache, lakini haimtambui mhalifu mpya. Kwa hiyo watengenezaji wakaongeza njia ya pili, ya kukisia kwa kutazama mwenendo. Hapa antivairasi ni kama mbwa wa boma. Mwizi akiruka ua usiku atabweka, ndiyo, lakini shangazi akitoka Wamunyu na mzigo wa vinyago kichwani atambwekea vile vile. Mbwa hajasema uongo. Amesema tu, huyu simjui.

Jina lililoandikwa kwenye kidirisha hukuonyesha kama aliyesema ni polisi au ni mbwa. Ukiona neno kama Generic, Heur au Suspicious, au kwa Defender ya Windows jina likiishia kwa alama ya mshangao na herufi ml, hayo ni makisio ya mashine. Likiwa ni jina la kirusi kinachojulikana tangu zamani, tega sikio. Ajabu ni kwamba wengi wetu hubonyeza tu kidirisha kiondoke, hatusomi hata neno moja.

Sasa mniwie radhi niingize hesabu kidogo. Nambari hizi nimezitunga mwenyewe ili jambo lieleweke. Tuseme antivairasi yetu hunasa virusi 99 katika kila 100, na katika kila faili nzuri 1,000 husingizia moja. Utasema ni hodari, sivyo? Haya, tuipeleke kwenye tarakilishi ya ofisi yenye faili 100,000, ambamo 10 tu ndizo zenye virusi. Itazinasa zote 10, pengine ikose moja. Lakini katika zile 99,990 zilizo nzuri itasingizia kama 100. Kengele 110, na 100 kati yake ni za uongo! Kisha chukua antivairasi hiyo hiyo ukague flashi iliyotoka kuzungushwa kwenye saiba kule Masii siku ya soko: faili 200, na 50 zimeambukizwa. Itanasa 49 au zote 50, na katika zile nzuri 150 huenda isisingizie hata moja. Kumbe antivairasi ni ile ile, lakini mahali pa kwanza karibu kila kengele ni ya uongo, na mahali pa pili karibu kila kengele ni ya kweli. Ndiyo maana mimi siulizi kwanza kama antivairasi ni nzuri. Nauliza faili imetoka wapi.

Msidhani kusingizia huku ni kwa programu za bure pekee. Tarehe 21 Aprili 2010, kampuni ya McAfee ilituma orodha mpya ya virusi ambayo iliitaja svchost.exe, faili muhimu ya Windows XP, kuwa kirusi. Tarakilishi nyingi katika nchi mbalimbali zikawa zinajizima na kujiwasha, hazipati mtandao; hospitali na maduka yakakwama. Na mnamo Septemba 2012 antivairasi ya Sophos ilijishuku yenyewe, ikaikamata programu yake ya kujisasisha. Aisee, mbwa kauma mkia wake!

Hata hivyo, wapo wanaolifanya neno "kengele ya uongo" kuwa kichaka cha kujifichia. Mtu anakuletea mchezo wa wizi, au kile kiprogramu cha kuifanya Windows ionekane imelipiwa, na maelezo yake yanaanza hivi: zima antivairasi kwanza. Ukimuuliza, anakuambia ni kusingiziwa tu. Labda ni kweli, labda si kweli, lakini ni nani duniani huja kwako na kukuomba umfunge mbwa kabla hajaingia? Faili za namna hiyo hutoka mahali ambapo virusi vimejaa, na hesabu yetu ya flashi ya saiba ndiyo inayohusika, si ile ya ofisi.

Na ikinyamaza je? Hapa tuna kosa la aina ya pili, nalo ni baya zaidi kwa sababu halina kelele. Mwaka 2004 hapa nchini, hasa huku Ukambani, Makueni na Kitui, na Machakos pia, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Sumu ile haienei sawasawa katika gunia. Ukichota kiganja kimoja cha juu unaweza kukuta punje safi tupu. Ule ukaguzi wa haraka wa antivairasi ndio kiganja hicho, kwani hupitia sehemu chache tu za diski. Tena tazama tarehe ya orodha yake. Katika maabara isiyo na intaneti, orodha ikiwa ya mwaka jana, maneno "hakuna tishio" yana maana ya "hakuna tishio la mwaka jana".

Basi kengele ikilia kwa faili ya mradi wako, usibonyeze kufuta. Iache karantini, huko imefungwa, haiwezi kudhuru, na inaweza kurudishwa. Nakili jina la kirusi kwenye daftari na umwite mwalimu. Panapo intaneti, faili yaweza kupelekwa VirusTotal, huduma iliyoanzishwa Uhispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, ambako antivairasi nyingi huikagua kwa pamoja. Zikilia mbili au tatu tu, tena kwa majina ya kukisia, na programu uliiandika wewe kwa mikono yako, yaelekea umesingiziwa. Zikilia 40, usibishane. Ila msihesabu kama kura za uchaguzi, kwa maana kampuni kadhaa hukodi mtambo mmoja, na shahidi mmoja akirudia maneno mara tano bado ni shahidi mmoja. Kirusi kipya nacho hujulikana na wachache mwanzoni, kwa hiyo rudia baada ya siku chache. Na tafadhali, alama za wanafunzi au barua za watu zisipelekwe huko, kwani faili zinazopokelewa hupewa wengine wazichunguze.

Wanaotumia Visual Basic, hifadhini maandishi ya programu mahali pawili. Ile faili ya exe ikiliwa, mtaitengeneza tena kwa dakika moja.

Neno la mwisho ni kwa wale ambao flashi zao zimekaguliwa zikabaki tupu. Usilie bado. Kirusi cha shotikati huzificha folda zako na kuweka nyingine bandia. Antivairasi huondoa zile bandia, lakini zako hubaki zimefichwa. Ukiona flashi ni tupu ilhali nafasi yake imejaa, fungua kidirisha cha amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha ubonyeze Enter. Badala ya E weka herufi ya flashi yako.