Kuchagua Gari Kuukuu la Kuvuta Tela Milimani

Tangawizi ya Mamba hulimwa mlimani na kuuzwa tambarare. Kwa hiyo mkulima anayetaka kununua Land Cruiser au Land Rover ya zamani ili ivute tela, hana budi kufikiri kwanza juu ya safari ya kushuka. Mzigo husukuma gari mteremkoni, na breki zinazokanyagwa mfululizo hupata joto hadi zikaacha kushika.

Kinga yake ni gia nzito ya magurudumu manne, ambayo huiwezesha injini yenyewe kulizuia gari. Mnunuzi aijaribu mteremkoni kabla ya kulipa. Ikikataa kuingia au ikichomoka, gari hilo halifai kwa kazi hiyo. Tela la mzigo mzito nalo liwe na breki zake.

Baada ya hapo fundi aingie uvunguni akague chasisi. Kutu nzito, au nyufa zilizochomelewa karibu na ndoano ya tela, ni onyo. Maji ya rejeta yakiwa na mafuta, huenda injini ina hitilafu kubwa. Injini ya dizeli ya 1HZ, yenye lita 4.2 na isiyo na tabo, hupendwa kwa kuwa muundo wake ni sahili.

Namba za chasisi na injini zilingane na kadi ya gari, na umiliki uhamishwe TRA. Hata gari zuri lina kikomo: wakati wa masika, udongo ukilowa, mzigo upunguzwe au safari isubiri.