Sikukuu za watakatifu wa taifa: Nani mwenye bendera?

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka ikikaribia Machi 17, wakazi wa Chicago, Marekani, hujionea kioja. Mto unaopita katikati ya mji wao hugeuka rangi ukawa kijani kibichi kama shamba la majani chai baada ya mvua. Si miujiza wala uchawi. Ni mafundi wa mabomba ya maji wanaomwaga rangi mtoni, jambo ambalo wamekuwa wakilifanya tangu mwaka 1962. Awali rangi hiyo waliitumia kusaka mabomba yaliyokuwa yakivujisha uchafu mtoni. Hatimaye ikawa pambo la sikukuu ya Mtakatifu Patrick, mlinzi wa taifa la Ireland.

Msomaji huenda akajiuliza: mto wa Marekani wahusiana vipi na mtakatifu wa Ireland? Na kwa nini watu ambao babu zao waliihama nchi hiyo miaka mingi iliyopita wavae kijani kuanzia kofia hadi soksi, ilhali jirani zao Waingereza huipisha siku ya mtakatifu wao kimya kimya, kana kwamba ni siku ya kulipa kodi ya nyumba?

Jawabu lina mafunzo kwa yeyote anayetaka kujua uzalendo huota wapi, na hunyauka kwa sababu gani.

Mtekwa aliyerudi

Katika mila ya Kikristo, taifa huweza kuwa na mtakatifu anayeaminiwa kuliombea, kama vile mtoto anavyopewa somo wake wakati wa ubatizo. Ireland ina Patrick (Machi 17), Uingereza ina George (Aprili 23), Scotland ina Andrew (Novemba 30) na Wales ina David (Machi 1).

La kushangaza ni kwamba Patrick hakuwa mwenyeji wa Ireland. Alizaliwa Uingereza enzi za Warumi. Alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi alitekwa na maharamia wa Ireland, akafanywa mtumwa na kuchungishwa mifugo kwa miaka sita. Alitoroka akarudi kwao. Kisha, badala ya kuwalaani waliomtesa, alirejea kwao kwa hiari kuwahubiria Injili. Hadithi zasema alitumia jani dogo lenye vipande vitatu kufafanua Utatu Mtakatifu, na hadi leo jani hilo ndilo alama ya Ireland.

Kwa muda mrefu sikukuu hii ilikuwa ya kanisani. Serikali iliifanya siku ya mapumziko mwaka 1903, na kwa miaka mingi ya karne ya 20 sheria iliamuru baa zifungwe siku hiyo. Vifijo na gwaride vilinoga kwanza ng'ambo. Gwaride la New York lilianza mwaka 1762, hata kabla ya Marekani kujipatia uhuru. Baadaye ilipozuka njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852, kufuatia ugonjwa uliooza viazi mashambani, watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Huko walikohamia walidharauliwa na kunyimwa kazi. Kwao, kuandamana barabarani wakiwa wamevaa kijani ilikuwa njia ya kutamka mbele ya wote: nasi pia ni watu.

Dublin yenyewe ilianzisha tamasha kubwa la kisasa mwaka 1996, na sasa watalii humiminika huko kila Machi. Hata hivyo, si kila mwananchi anayefurahia. Wapo wanaonung'unika kwamba siku ya sala imegeuzwa siku ya ulevi na kofia za plastiki.

Kuna kisiwa kimoja cha Karibi, Montserrat, ambako Machi 17 ina maana nyingine kabisa. Mwaka 1768 watumwa Waafrika walipanga kuasi siku hiyo, wakitarajia kwamba mabwana zao wenye asili ya Ireland wangekuwa wamelewa. Siri ilifichuka na viongozi wao wakanyongwa. Leo ni sikukuu ya umma kisiwani humo, na wananchi huwakumbuka mashujaa hao. Siku ni ile ile, lakini mwenye kuisherehekea ndiye anayeipa maana.

Kwetu Kenya jina la Patrick si geni. Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten, ilianzishwa na watawa kutoka Ireland. Mmoja wao, Bruda Colm O'Connell, aliwasili mwaka 1976 akaishia kuwa mkufunzi wa riadha. Miongoni mwa waliosoma hapo ni Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na Matthew Birir, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji mjini Barcelona mwaka 1992. Wimbo wa taifa la Kenya uliimbwa kwa heshima ya vijana waliolelewa katika shule yenye jina la mlinzi wa taifa jingine!

Bendera yenye maneno

Sasa tuvuke bahari hadi Uingereza. George, kwa mujibu wa mapokeo, alikuwa askari wa dola ya Kirumi aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 303 hivi huko Lida, katika nchi ya Palestina. Uingereza hakuwahi kuikanyaga. Hadithi ya kumuua joka na kumwokoa binti mfalme ilizuka karne nyingi baadaye. Wafalme ndio waliomfanya mlinzi wa taifa, hasa Edward III ambaye katika karne ya 14 alianzisha chama cha mashujaa chini ya jina la mtakatifu huyo.

Aprili 23 si siku ya mapumziko Uingereza. Mwaka 2017 Jeremy Corbyn, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Labour, aliahidi kuzifanya siku za watakatifu wote wanne kuwa za mapumziko iwapo angeshinda uchaguzi. Hakushinda, na ahadi ikafa.

Lakini tatizo si likizo tu. Bendera ya George, msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe, ina historia ya kutatanisha. Kwa miaka mingi makundi yanayowachukia wageni yaliitumia kama silaha ya kutishia watu weusi na Waasia. Wengi waliokuwa wapole wakaona haya kuipeperusha. Ni kandanda iliyoirejesha kwa umma. Katika Kombe la Ulaya la mwaka 1996 lililofanyika Uingereza, uwanja wa Wembley ulifurika misalaba hiyo, na mashabiki wa kila rangi wakajichora nyusoni.

Hata hivyo, donda halikupona. Novemba 2014 mbunge wa Labour, Emily Thornberry, alilazimika kuacha wadhifa wake katika baraza kivuli la mawaziri kwa kusambaza tu picha ya nyumba iliyotundikwa bendera hizo. Walalamishi walidai alikuwa akiwadharau wananchi wa kawaida. Na mwaka 2025 bendera zilipotundikwa kwenye nguzo za taa katika miji kadhaa, majirani waligawanyika. Kuna walioona fahari, na kuna waliofunga milango kwa hofu. Kitambaa kimoja kimezaa hisia mbili zinazopingana katika mtaa mmoja.

Kinaya ni kwamba George mwenyewe, lau angefika leo London, angekuwa mgeni kutoka Mashariki ya Kati.

Mambo madogo madogo

Scotland nayo inamtukuza Andrew, yaani Mtume Andrea wa Biblia, mvuvi wa Galilaya na nduguye Petro. Yasemekana alisulubiwa juu ya msalaba wenye umbo la herufi X, ndiyo maana bendera ya Scotland ina mistari miwili myeupe inayokatana juu ya rangi ya samawati. Wakenya wengi wanalijua jina lake kupitia kanisa la PCEA St Andrew's lililo karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, kwani Wapresbiteri wetu walipokea Injili kutoka kwa wamishenari wa Scotland.

Bunge la Scotland liliitambua Novemba 30 kuwa sikukuu kwa sheria ya mwaka 2007, lakini waajiri hawalazimishwi kuwapa watu likizo. Wengi wa Waskoti huchangamkia zaidi Januari 25, siku ya kumkumbuka mshairi wao Robert Burns. Mapenzi yao kwa nchi yanatafuta pa kujieleza hata nje ya kanisa. Katika kura ya maoni ya mwaka 2014, asilimia 45 walitaka Scotland ijitenge na asilimia 55 wakakataa. Pande zote mbili zilidai kuipenda nchi ile ile!

Miongoni mwa wanne hao, David wa Wales ndiye pekee aliyezaliwa katika nchi anayoilinda. Alikuwa mtawa wa karne ya sita, na yasimuliwa kwamba katika mahubiri yake ya mwisho aliwahimiza wafuasi wake watende mambo madogo madogo mema. Machi 1 watoto wa shule huvalia mavazi ya kienyeji, wakajipachika kifuani ua la njano au jani la liki, ile mboga ya jamii ya vitunguu, na kuimba kwa Kiwelsh. Mwaka 2000 wabunge wa Wales walipiga kura kwa kauli moja siku hiyo iwe ya mapumziko, lakini serikali ya London ikakataa.

Wanachokipigania ni lugha yao. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa ni asilimia 17.8 tu ya wakazi wa Wales wanaozungumza Kiwelsh. Ndiyo sababu kwa mzazi wa huko, mtoto anapoimba Machi 1 si mchezo wa shule tu. Ni dalili kwamba ulimi wa nyanya yake haujafa. Wazazi wa Nairobi ambao watoto wao hawawezi kumwamkua babu kwa lugha ya mama bila shaka wanaelewa uchungu huo.

Kwa majirani zetu

Si Wazungu pekee wenye kuunganisha mtakatifu na taifa. George huyo huyo ni mpendwa wa Waethiopia, na lile kanisa la ajabu la Lalibela lililochongwa ndani ya mwamba kwa umbo la msalaba lina jina lake. Vita vya Adwa vya mwaka 1896, ambapo jeshi la Mfalme Menelik II liliwashinda Waitaliano, vilipiganwa siku ya mtakatifu huyo kwa kalenda ya Ethiopia. Klabu ya kandanda ya Saint George iliyoundwa Addis Ababa mwaka 1935 ikawa alama ya ukaidi dhidi ya wavamizi wa Italia. Kwa hivyo msalaba ambao kwa mwingine ulimtisha mtu mweusi, huku ulimpa nguvu ya kujikomboa.

Nchini Uganda, Juni 3 ni sikukuu ya kitaifa. Mahujaji humiminika Namugongo kuwakumbuka Wakristo, Wakatoliki na Waanglikana, waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya mwaka 1885 na 1887. Wengi wao walikuwa vijana waliotumikia ikulu. Wakenya pia hufunga safari, baadhi yao kwa miguu, kwa siku nyingi. Anayefika huko miguu imevimba haulizwi kitambulisho cha nchi gani amebeba.

Na sisi je?

Kenya haina mtakatifu wa taifa, na Katiba ya mwaka 2010 yasema wazi kwamba hakutakuwa na dini ya serikali. Badala yake Katiba imetaja siku tatu za kitaifa: Madaraka (Juni 1), Mashujaa (Oktoba 20) na Jamhuri (Desemba 12). Siku ya Mashujaa zamani iliitwa Kenyatta Day. Kubadilisha jina kulikuwa na maana kubwa: heshima ya mtu mmoja iligawiwa wengi, wakiwemo wasiojulikana hata makaburi yao.

Lakini tuseme kweli. Katika nyumba nyingi za mjini, siku hizi ni za kufua nguo, kulala hadi saa nne na kutazama gwaride kwenye televisheni kwa jicho moja. Wapo wanaolaumu hotuba ndefu, na wapo wanaosema haiwezekani kusherehekea taifa huku mtoto aliyehitimu chuo akikaa nyumbani bila kazi. Malalamiko yao hayana dharau. Mara nyingi anayelalamika sana ndiye anayejali sana.

Ushahidi ulionekana Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga mswada wa fedha. Wengi walijifunga bendera ya taifa mabegani na kuimba wimbo wa taifa. Bendera iliyozoeleka kwenye magari ya wakubwa na majengo ya serikali ikawa nguo ya mwanafunzi. Baadhi yao hawakurudi nyumbani. Serikali na vijana walibishana vikali, lakini kila upande ulijiita wenye nchi.

Hapo ndipo sikukuu za kina Patrick na George zinapotufaa. Patrick aliletwa akiwa mtumwa, George hakufika kabisa, naye Andrew alikuwa mvuvi wa mbali. Mataifa yaliwachukua wageni hao yakawafanya wao. Basi uzalendo si suala la damu wala la nani alizaliwa wapi. Na bendera ikiachiwa wenye chuki, wapole huionea haya. Ikiachiwa wakubwa, wadogo huiona si yao.

Kwa hivyo mzazi, sikukuu ijayo usiipitishe bure. Mweleze mwanao kwamba rangi nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi na nyeupe ni amani. Mpigie nyanya yake simu, amsimulie alikuwa wapi bendera ya mkoloni iliposhushwa. Nawe mwanafunzi, uliza jina la shujaa mmoja wa kijiji chenu, uliandike lisipotee. Hayo ni mambo madogo madogo, lakini wahenga hawakukosea waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba.