Siku Moja na Watoto: Tuliyojifunza Izia



Katika kurasa hizi twazoea kuzungumza habari za miche, majamvi na bei. Leo twaomba ruhusa tuzungumze habari za watoto wetu, wale ambao msimu ukifika huokota mpeta chini ya mikarafuu, na usiku hukaa nasi kuchambua makonyo mpaka macho yao hufumba wenyewe. Msimu ukiisha sisi wakubwa hupata fedha zetu. Wao hupata nini? Wengi wetu huwaambia, "Tutakutembezeni siku moja." Na siku hiyo ama haiji, ama huja ikaharibika kwa kuwa haikutengenezwa. Sisi wenyewe tuliiharibu, tena mbali sana na nyumbani, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya.

Binti yetu mkubwa ameolewa Sumbawanga, katika Mkoa wa Rukwa, na nyumba yao iko kata ya Izia. Shule zilipofungwa mwezi wa Juni tulikwenda kumtazama, mimi na mama watoto, pamoja na wadogo zake watatu. Tulivuka bahari mpaka Dar es Salaam, tukapanda basi, tukalala Mbeya, na kesho yake tukapita Tunduma hata tukafika.

Sumbawanga ni mji wa nyanda za juu za Ufipa, kiasi cha meta 1,800 juu ya bahari. Wenyeji hueleza kuwa maana ya jina hilo ni "tupa uchawi". Mtu wa pwani afikapo huko mwezi wa Juni hukuta baridi ambayo hajapata kuiona. Watoto wetu walitoka asubuhi uani na mashati yao membamba, wakarudi mbio jikoni kuota moto, na wajukuu wa nyumba hiyo wakawacheka sana.

Siku ya tatu tukasema, "Kesho twende matembezi." Tulikuwa watu wazima wanne na watoto watano, mdogo wao akiwa binti yetu wa miaka sita. Tukapanga, sisi wakubwa peke yetu, kwenda kuona Maporomoko ya Kalambo, na kutoka hapo tuendelee mpaka Kasanga tukalione Ziwa Tanganyika. Barabara kutoka Sumbawanga kwa njia ya Matai hata Kasanga ni kilometa 112. Tuliona si kitu.

Asubuhi ndipo tukaanza kupika. Tukaondoka saa nne na nusu, jua limekwisha panda, na kufika Kalambo ikawa saa saba imepita. Mahali penyewe ni pa ajabu kweli. Mto Kalambo ni mpaka wa Tanzania na Zambia, na maji yake huanguka zaidi ya meta 200 kwa mruko mmoja ndani ya korongo, kisha huenda zake Ziwa Tanganyika. Katika kuta za korongo hilo ndege kongoti hujenga viota vyao. Lakini watoto walikuwa na njaa, na sisi tulikuwa na haraka. Tukateremka ngazi zinazokwenda chini, bila kufikiri kwamba kila ngazi ya kuteremka ni ya kupanda pia. Wakati wa kurudi, binti yetu alikaa chini akasema miguu yake imekufa. Baba watoto wa Izia akambeba mgongoni.

Hapo ilitupasa kurudi nyumbani. Hatukurudi. Tulitaka tuweze kusema kwamba tumefika Kasanga. Basi tukafika, jua linazama, na watoto wote watano wamelala garini wameegemeana kama magunia. Ziwa lile, ambalo kwa kina ni la pili duniani, tulilitazama sisi wakubwa kwa muda wa robo saa. Tulirudi Izia saa nne ya usiku, na mtoto mdogo alikuwa anatetemeka kwa homa. Hatukumchukulia hata sweta moja. Usiku kucha mama yake alikaa naye kitandani, na sisi tulikaa mlangoni tukijilaumu.

Alhamdulillahi, kesho yake jioni homa ilishuka. Tukawauliza watoto, "Mmeona nini juzi?" Mmoja akajibu, "Tumeona gari." Bibi wa nyumba ile, mama yake mkwe wetu, mzee wa Kifipa asiye na maneno mengi, akatuambia: "Wakwe zangu, juzi mlisafiri ninyi. Watoto mliwabeba tu."

Neno hilo lilituingia. Tukamwomba yeye apange safari ya pili. Naye hakutuuliza sisi. Aliwaita watoto jikoni akawauliza wanapenda kuona nini. Wakasema wanataka kuona nyani, na kula nje. Akasema, "Basi ni Mbizi, hapa karibu, na ni hapo tu."

Milima ya Mbizi iko jirani na mji wa Sumbawanga, na msitu wake ni wa hifadhi. Siku moja kabla tulikwenda kuomba ruhusa kwa watumishi wa misitu, na tukampata mtu wa kutuongoza. Chakula kilipikwa usiku. Kila mtoto alivaa sweta na kuchukua chupa yake ya maji. Tuliondoka saa mbili asubuhi. Huko magharibi jua hutoka na kuchwa kwa kuchelewa kuliko kwetu, kwa hiyo saa moja bado ni alfajiri yenye baridi kali.

Ndani ya msitu tulikwenda kwa mwendo wa mtoto mdogo. Akisimama kutazama mdudu, sote twasimama. Haikupita saa moja, matawi yakatikisika juu, na tukawaona mbega wekundu. Mwanetu wa darasa la tano, aliyepata kwenda Jozani pamoja na shule yake, akapiga kelele: "Kima punju!" Yule kiongozi akamweleza kwamba hawa si wale, ila ni wa ukoo mmoja, kwani kima punju asili yake ni Unguja peke yake. Tangu hapo mtoto huyo hakunyamaza. Aliwaeleza wenzake wa Izia habari za kisiwa chetu kana kwamba ni mwalimu.

Tulikula mahali penye kuonekana bonde. Ardhi huteremka ghafula, na chini kabisa ndiko liliko Ziwa Rukwa. Bibi aliwaeleza watoto kuwa ziwa hilo halina mto unaotoka. Mvua zikizidi hupanuka, ukame ukija hupungua. Binti yetu mdogo akasema, "Kama chungu kisicho na tundu." Saa tisa tukaanza kurudi, watoto wangali na nguvu, na njia nzima waliimba. Usiku ule hatukuwauliza waliona nini, maana hawakutupa nafasi ya kuuliza.

Basi, wazazi wenzetu, twawapeni haya tuliyoyanunua kwa homa ya mtoto:

1. Waulizeni watoto kwanza. Anayechagua mahali hachoki upesi.

2. Siku moja, mahali pamoja. Mahali pa pili pawekewe siku yake.

3. Pimeni safari kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote, na kila ngazi ihesabuni mara mbili.

4. Chakula, maji na nguo zitengenezwe usiku. Asubuhi ni ya kuondoka tu.

5. Kila mtu mzima apewe watoto wake wa kuwaangalia, na ajue idadi yao. Penye genge au maji, washikeni mikono. Sisi tujuao jinsi tawi la mkarafuu linavyokatika bila kutoa habari hatuna haja ya kufundishwa zaidi.

6. Tafuteni hadithi ya mahali kabla ya kwenda. Sisi tuliporudi ndipo tukajua kwamba karibu na Maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, wataalamu walifukua mwaka 2019 magogo mawili yaliyochongwa na kupandanishwa, na mwaka 2023 wakatangaza kuwa umri wake si chini ya miaka 476,000, kabla hawajakuwako watu wa namna yetu. Watoto wangalifurahi mno kuyasikia hayo pale pale.

7. Rudini watoto wangali wanataka kubaki.

Wala hapana haja ya kwenda hata Ufipa. Hapa Pemba tuna msitu wa Ngezi. Tuna popo wakubwa wa Kidike, ambao hawapatikani pengine duniani ila kisiwani petu. Tuna magofu ya Pujini. Na kwa aliye na chombo salama, tuna Misali. Kila kimoja ni siku moja. Nauli na chakula cha siku hiyo havifiki hata thamani ya mpeta waliouokota watoto wenyewe msimu mzima.

Sisi tumekwisha agana na wetu. Jamvi la mwisho likikunjwa, Jumamosi inayofuata ni yao, na tayari wamechagua Kidike. Yule mdogo ameuliza swali moja tu: kama tutachukua sweta. Tumemjibu kwamba tutachukua, ijapokuwa ni Pemba.