Upandikizaji wa Nywele: Yampasayo Mlaji Kuyajua Kabla ya Kulipa

Mkulima wa Igamba hahitaji kufundishwa maana ya kupandikiza. Mche wa kahawa huoteshwa kitaluni, hung'olewa pamoja na udongo ulioshika mizizi yake, kisha huhamishiwa shambani, nao ukikwanguliwa mizizi njiani haushiki. Upandikizaji wa nywele hufuata njia iyo hiyo, isipokuwa kwa jambo moja ambalo matangazo hulipita kimya: kichwani hakuna kitalu kinachooteshwa upya. Mzizi wa unywele ukishahamishwa kutoka kisogoni, pale ulipotoka hauoti mwingine.

Tunaanza na jambo hilo kwa sababu ndilo linalomgharimu mlaji zaidi ya fedha. Siku hizi matangazo ya tiba ya upara hufika kwenye simu ya mtu aliyeko Vwawa au Tunduma sawasawa na ya mtu aliyeko Dar es Salaam: picha mbili za kichwa kimoja, bei iliyopunguzwa, na ahadi ya kuwa ofa inakwisha Ijumaa. Hatumzuii mtu kutafuta upasuaji huu. Ni tiba halisi, na mikononi mwa daktari stadi huleta matokeo ya kudumu. Tunachotaka ni mlaji ajue ananunua nini.

Swali la kwanza si bei, bali ni kwa nini nywele zimeondoka. Upara wa kawaida wa wanaume hutokana na urithi na homoni. Huanzia panjani na utosini, ukaacha nywele za kisogoni na za pembeni. Nywele za kisogoni huihimili homoni hiyo, na hata zikihamishiwa utosini huendelea kuihimili. Daktari Norman Orentreich wa New York alilieleza jambo hilo mwaka 1959, na upasuaji wote wa leo umesimama juu yake. Lakini si kila upara ni huo. Mapunye huhitaji dawa ya fangasi. Nywele zinazokatika kwenye paji la uso kwa sababu ya kusukwa kwa kukazwa miaka mingi huweza kurudi iwapo mtindo utaachwa mapema. Upara wa mabaka ya mviringo hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia mizizi ya nywele, na mara nyingi nywele hizo huota tena zenyewe. Upo pia upara wa makovu, ambao kwa wanawake wengi wa Kiafrika huanzia utosini na kutanuka. Kupandikiza juu yake wakati ugonjwa ungali hai ni kupoteza mizizi bure. Kwa hiyo, kabla ya kutuma hata shilingi moja ya kishika nafasi, onwa na daktari. Mkazi wa Mbozi aweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe, na akihitaji zaidi apewe rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Madaktari wengi wa ngozi nchini wamepitia kituo cha mafunzo kilichopo KCMC, Moshi, hivyo mwenye shida ya ngozi ya kichwa hana haja ya kuanzia kwa muuza mafuta.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho, nao huweza kuchukua siku nzima. Njia ni mbili. Katika ya kwanza, daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, hushona jeraha, kisha ukanda huo hugawanywa kuwa vipande vidogo vyenye unywele mmoja hadi minne. Hubaki kovu la mstari, ambalo huonekana mtu akinyoa kipara. Katika ya pili, kila kipande hutolewa peke yake kwa kifaa kidogo cha mviringo, yakabaki makovu mengi madogo kama nukta. Anayekuambia kwamba njia ya pili haina kovu kabisa anakudanganya.

Hapa tunamwomba msomaji atulie, kwa kuwa matangazo mengi yametengenezwa kwa vichwa visivyofanana na vyetu. Nywele zetu za kipilipili hazijikunji juu ya ngozi tu; mzizi nao umepinda chini yake. Daktari aliyezoea nywele zilizonyooka akiingiza kifaa moja kwa moja huikata mizizi mingi kabla haijatoka, na mzizi uliokatwa hauoti kisogoni wala utosini. Muulize waziwazi amekwisha kuwafanyia watu wangapi wenye nywele kama zako, na akuonyeshe picha zao za baada ya mwaka mmoja, si za baada ya wiki mbili.

La pili ni makovu yanayovimba na kuvuka mpaka wa jeraha, yaani keloidi, ambayo huwapata watu wenye ngozi nyeusi zaidi ya wengine. Jitazame: sikio lilipotobolewa, chanjo ilipochomwa begani, ulipoumia kwa panga shambani. Kama mojawapo limeacha kovu lililotutumka, au kama kisogo chako huota vipele vigumu baada ya kunyolewa kwa mashine, mweleze daktari hata kama hakuuliza. Asiyeuliza kabisa ni wa kutiliwa shaka. Mweleze pia juu ya kisukari, shinikizo la damu, uvutaji wa sigara, na dawa unazotumia, hasa aspirini na nyingine zinazozuia damu kuganda.

Baada ya upasuaji kichwa huvimba, pengine hadi machoni, na vigaga hutokea kwa muda wa siku saba hadi kumi na nne. Kisha, baina ya wiki ya pili na ya sita, nywele zilizopandikizwa hupukutika. Wengi hushtuka wakidhani wameibiwa, lakini mzizi hubaki ndani, na kuota huanza yapata mwezi wa tatu au wa nne. Tofauti huonekana katika mwezi wa sita hadi wa tisa, na matokeo kamili hupimwa baada ya mwaka mmoja au zaidi. Muuzaji anayeahidi kichwa kilichojaa ifikapo harusi ya mwezi ujao haijui kazi yake, au anaijua.

Vijitabu vya kigeni havisemi lolote juu ya ngata. Sisi tunasema: usijitwishe ndoo, kuni wala debe la kahawa kichwani mpaka daktari akuruhusu, kwa kuwa siku za mwanzo mizizi haijashika na msuguano huing'oa. Kofia ngumu ya bodaboda nayo hubana palepale palipopandikizwa. Basi panga usafiri mwingine wa kurudi nyumbani, wala usipande pikipiki bila kofia ili kuokoa nywele. Jua na vumbi vikingwe kwa kofia pana isiyogusa juu. Anayetegemea nguvu zake wakati wa mavuno ni vema asifanye upasuaji huu msimu huo.

Kuhusu dawa, zipo za minoksidili za kupaka na za finasteridi za kumeza. Husaidia kuzuia upara usiendelee, lakini mtu akiacha kuzitumia faida yake hupotea. Finasteridi huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na mjamzito asishike vidonge vyake vilivyovunjika. Vipodozi vya nywele viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019. Dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi iache dukani.

Wanaosafiri kwenda Istanbul hununua kifurushi cha hoteli, gari na upasuaji kwa bei moja. Uliza ni nani hasa atakayeshika kifaa, kwani vipo vituo ambavyo daktari hutia saini tu na kazi hufanywa na wasaidizi. Uliza pia nani atakutibu jeraha likioza ukiwa umekwisha kurudi Mbozi. Kwa mtoa huduma aliyeko nchini, jina lake lithibitishwe kwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Dai mkataba wa maandishi katika lugha unayoielewa, wenye idadi ya vipande, bei yote, masharti ya kurudishiwa fedha na jina la daktari. Dai risiti ya mashine ya EFD. Piga picha za kisogo na utosi kabla ya kuanza. Hifadhi tangazo lililokuvuta, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na ahadi iliyofutwa kwenye simu ni vigumu kuithibitisha. Lalamiko la bei au tangazo lipelekwe Tume ya Ushindani. La utendaji wa daktari, kwa Baraza. Yote mawili yaandikwe mapema, pamoja na nakala za vielelezo, na nakala halisi ubaki nazo nyumbani.