Kabla hujanunua mashine ya kugandisha mafuta

Wajasiriamali wenzangu, mnaniuliza sana inboksi kuhusu hii mashine ya kupunguza tumbo kwa baridi. Ngoja niseme nilichojifunza kwa hela yangu mwenyewe.

Nilivutwa na bei. Nikalipa. Mzigo umefika Dar, nageuza mashine nyuma, imeandikwa volti 110. Umeme wetu ni 230! Nikaingia tena mfukoni kununua transfoma, na hapo hata mteja mmoja sijamhudumia.

Kilichoniumiza zaidi ni kile kitambaa chembamba chenye jeli ya kukinga ngozi. Kila sehemu unayoigandisha inataka kitambaa kipya, kikishatumika kinatupwa. Kwenye hesabu zangu sikukiweka kabisa! Kuna watu wanakirudia, wengine wanaweka nailoni tu. Usithubutu. Baridi ile inashuka chini ya sifuri, inaunguza ngozi kama moto.

Kwa hiyo muuzaji mbane: vitambaa napata wapi, bei gani? Kichwa cha mashine kikifa, kipuri kinafika lini? Baridi ikizidi, mashine inajizima yenyewe? Akikujibu "usijali bosi", ondoka. Na vifaa tiba viko chini ya TMDA, waulize kabla hujatuma hela.

Halafu mteja mwambie mapema kwamba matokeo huonekana baada ya miezi 2 au 3. Wangu wa mwanzo sikuwaambia. Wiki ya pili walikuwa mlangoni wanadai hela yao.