Nitroksi ya nini, mzamiaji mpya?

Tuelewane kwanza, mshikaji. Nikisema kuzamia sina maana ya wale jamaa wanaojichimbia kwenye meli bandarini Dar, wakitegemea kuamkia Ugiriki. Nazungumzia kuzama kweli: mtungi mgongoni, mapezi miguuni, unakwenda kuwasabahi samaki nyumbani kwao.

Siku hizi hapa Kiriba ubishi wa kijiweni si wa Simba na Yanga peke yake. Kuna vijana waliotoka kando ya ziwa wakaenda kubangaiza Nungwi na Matemwe, kule Unguja. Wakirudi likizo, mbali na fulana kali na miwani ya jua, wanakuja na neno jipya: nitroksi. Anayezama na hewa ya kawaida, kwao, ni mshamba. "Mwana, sisi hatuvuti hewa ya bure," mmoja alitamba, kijiwe kizima kikabaki kinamkodolea macho.

Huyo nitroksi ni mdudu gani? Hewa tunayovuta mimi na wewe ina oksijeni asilimia 21. Karibu yote inayobaki ni naitrojeni. Hata kwenye mtungi wa mzamiaji huwa ni hewa hiyo hiyo iliyoshindiliwa, siyo "oksijeni tupu" kama wengi wanavyodai. Nitroksi ni hewa iliyoongezwa oksijeni, mara nyingi hadi asilimia 32 au 36. Naitrojeni inapungua, na hapo ndipo penye dili. Ukiwa chini, mgandamizo unaisukuma naitrojeni ndani ya mwili kama gesi ndani ya soda. Ukikaa sana halafu ukapanda mbio, umefungua chupa iliyotikiswa: mapovu yanafumuka kwenye damu na viungo. Mtu anaweza kupooza. Anaweza kufa. Naitrojeni ikiwa kidogo, unaruhusiwa kukaa chini muda mrefu zaidi.

Mpaka hapo kijana wa Nungwi anaongoza kwa pointi. Sasa njoo kwenye hesabu.

Mwenye cheti cha kwanza mwisho wake ni mita 18. Kwa jedwali la PADI, hewa ya kawaida inampa dakika 56 kwenye kina hicho, kama ndiyo mara yake ya kwanza kuzama siku hiyo. Nitroksi ya 32 inampa kama dakika 95. Tofauti ya nguvu! Lakini atafikaje huko? Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ya kipimo, siyo ile ya bia). Toa baa 50 za akiba, unabaki na lita 1,800. Mgeni huvuta pumzi kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Lita 25 kwa dakika si ajabu, na kwenye mita 18 kila pumzi inakula karibu mara tatu ya ile ya juu. Gawanya mwenyewe. Dakika 26 hivi, kwisha habari. Hata mtulivu wa lita 18 atafika dakika 36 tu. Sasa zile 95 zinamsubiri nani? Nitroksi haiongezi hata pumzi moja kwenye mtungi. Kwa maoni yangu, mgeni achukue fedha ya kozi hiyo anunulie mizamo zaidi, ajifunze kutulia.

Wa kuogopa zaidi ni wale wanaodhani nitroksi ni ya kwendea kina kirefu. Ni kinyume chake. Oksijeni nayo mgandamizo ukizidi ni sumu. Nitroksi ya 32 inaishia mita 33 hivi, ya 36 mita 28. Ukipitiliza unaweza kukamatwa na degedege bila taarifa, kifaa cha kupumulia kikachomoka mdomoni, ukanywa bahari. Ndiyo maana mwenye mtungi wa nitroksi anapaswa kuupima mwenyewe kwa kipima oksijeni, kuandika asilimia na kina cha mwisho, na kuipanga kompyuta yake ya mkononi. Ukiambiwa "beba tu, freshi", uache hapo hapo.

Ubishi wenyewe si wa leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, waandaaji wa maonyesho ya wazamiaji huko Houston, Marekani, walitaka kuwafungia nje waalimu wa nitroksi. Miaka michache baadaye PADI wenyewe wakaanza kuifundisha, na leo unaweza kuisoma sambamba na kozi ya kwanza.

Huyu kijana wetu, kama kazi yake ni kuongoza watalii, anazama mara tatu kwa siku wiki nzima, basi avute nitroksi na ajidai. Naitrojeni yake inalimbikizana, kwa hiyo kila asilimia inayopungua ina maana.

Kuna kitu kimoja kijiwe hakikugusa kabisa. Kiriba si Nungwi. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo jedwali la baharini halifai lilivyo. Mita 18 za ziwani huhesabiwa kama 20 na ushee. Na safari yenyewe ya kurudi? Mtu anazama asubuhi Unguja, anavuka na boti, anadaka basi la usiku, anasinzia huku linapanda kwenda Dodoma, zaidi ya mita 1,100, mwilini bado ana naitrojeni ya Nungwi. Kwa ndege, wazamiaji huambiwa wangoje walau masaa 12 baada ya mzamo mmoja na 18 baada ya mingi. Basi lisikuzuge kwa sababu lina magurudumu. Mlima ni mlima. Nitroksi inapunguza mzigo huo, haiufuti. Siku ya mwisho ya kibarua usiguse maji. Zurura Forodhani, piga urojo, tiketi kata ya kesho.