Nkambo, uyu ni nani?

Siku ya Mungu, kisha misa, wageni wanafika nyumbani Katuba. Mama anawapa viti na maji. Mbele bukari iive, anatosha alibamu ya foto. Ndoa. Ubatizo. Komunio ya kwanza. Safari ya gari la moshi kwenda Kasai. Baba na baiskeli yake mpya. Halafu mtoto anaweka kidole juu ya mtu mmoja:

— Nkambo, uyu ni nani?

— Uyu? Tulitumika naye. Jina yake nilishasahabu.

Pale hadithi inakwisha. Foto ingali nzuri, lakini mtu amepotea.

Zamani foto ilikuwa na bei

Wasomaji wapenzi, kati yetu wako wengi waliopiga foto kwa kupenda tu, bila studio. Filimu moja ilitoa foto 36, na katika aparei za foto za mraba, 12 tu. Kila foto ilikuwa franga, kwa hiyo watu walijipanga vizuri na kufunga vifungo vya shati. Aliyefungua aparei mbele ya kurudisha filimu ndani ya kopo lake alipoteza safari nzima: mwanga uliila. Kwa foto nyeusi na nyeupe, fundi aliingia katika chumba cha giza chenye taa nyekundu. Dawa ya kwanza ilitokeza sura polepole. Nyingine iliishika isifutike.

Kupenda huko kuliweza kuwa kazi. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka wa 1928, alinunua aparei ndogo ya Adox mwaka wa 1950 ili apate foto za ndoa yake. Baadaye alijulikana sana Kinshasa kwa foto za Franco na za maisha ya usiku mjini.

Wazee wa mine

Hapa kwetu tuna Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, 1978. Mwaka wa 2006 alikamata foto za zamani za watumishi wa Union Minière, akawaweka wazee hao, weusi na weupe, juu ya foto zake za rangi za viwanda vya Gécamines vilivyoharibika. Kazi ile inaitwa Mémoire, maana yake kumbukumbu. Mwaka wa 2008 alikuwa kati ya walioanzisha mikutano ya Picha, ambayo imekuwa Biennale ya Lubumbashi.

Tazama wazee wale: mikono yao ilitosha shaba, lakini majina ya wengi hatuyajui. Walipigwa foto kwa ajili ya kampuni, hapana kwa ajili ya watoto wao.

Tena tukumbuke miaka ya 1992 na 1993, jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Likasi na Kolwezi, zikangojea gari la moshi kwenye stasioni siku nyingi. Mtu anayekimbia anabeba mtoto na sufuria, alibamu inabaki. Basi angalia ndani ya alibamu yako: pengine foto pekee ya baba wa mtu fulani iko kwako, kwa sababu alikuwa jirani yenu, alisimama pembeni siku ya ndoa.

Tufanye hivi

Andika nyuma ya foto majina, mahali na mwaka, kwa kalamu ya risasi, bila kukandamiza. Wino wa biki unaweza kupita upande wa mbele.

Weka foto katika bahasha ya karatasi, mbali na joto la manjanja na maji ya mvua. Ikiwa imeshikamana na kioo, usiivute, itapasuka. Ipige foto hivyo hivyo.

Ukiwa na telefone, piga foto ya ile foto karibu na mlango, kivulini, bila flashi. Mpelekee ndugu wa mji mwingine, maana telefone inaibiwa. Lakini foto ya mtu mwingine, uliza ruhusa kwanza.

Na ninyi vijana wa korali na wa Kiro, siku moja muikae na nkambo wenu, alibamu juu ya magoti, kalamu mkononi. Msingoje kilio. Siku ya kilio foto zote zinatafutwa, lakini aliyejua majina ndiye tunayemzika.

Mchungaji mwema anawaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Sisi tutawaita namna gani wazee wetu, tukiacha majina yao yapotee?